Kasisi John Newton: Mtunzi wa Nyimbo na Mlezi wa Watu

Historia ya kwaya yetu mtaisoma katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Mimi niliombwa niandike maisha ya mmoja wa watunzi wa nyimbo tunazoimba, nami nimemchagua John Newton, Mwingereza aliyetunga wimbo wa neema ya ajabu. Wimbo wenyewe hauhitaji kutambulishwa. Tumeuimba katika harusi, katika matanga na katika ibada za toba. Lakini si kwa sababu ya wimbo huo nimemchagua. Kila mwaka kwaya hupokea waimbaji wapya. Sauti zao tunazipima siku ile ile ya kwanza, na kufikia Jumapili kila mmoja anajua anasimama safu gani. Kumjua mwenyewe huchukua muda mrefu zaidi, na mara nyingine, tuseme ukweli, hatufiki huko. Newton alikuwa mtu wa kufika huko, ingawa alichelewa sana kujifunza.

Alizaliwa London mwaka 1725. Mwalimu wake wa kwanza alikuwa mama yake, Elizabeth, mwanamke mcha Mungu aliyemfundisha kusoma, katekisimu, na nyimbo za Isaac Watts. Mama huyo aliugua kifua kikuu akafariki mwaka 1732, mtoto akiwa hajatimiza miaka saba. Baba alikuwa nahodha wa merikebu za biashara, mtu mkali asiyekaa nyumbani, na John alipofika umri wa miaka 11 alianza kusafiri naye baharini.

Mwaka 1744 alikamatwa kwa nguvu akaingizwa katika jeshi la majini. Humo ndani imani aliyoachiwa na mama yake ilimtoka kabisa. Baharia mmoja msomi alimfundisha kuidharau Biblia, na Newton akawa mwanafunzi hodari kupita mwalimu. Katika merikebu hiyo kulikuwa na kijana mwingine, mwenye tabia njema na malezi mazuri ya Kikristo. Newton alimwandama kwa maneno na mizaha mpaka naye akaiacha imani. Naomba msomaji amkumbuke kijana huyo, maana tutakutana naye tena. Huo ndio ulezi wa kwanza wa John Newton: kabla hajamwongoza mtu yeyote kwa Kristo, alimtoa mtu mmoja kwake.

Alitoroka jeshini, akakamatwa, akachapwa viboko mbele ya wenzake na kuvuliwa cheo. Kisha akahamishiwa merikebu ya biashara ya watumwa iliyokuwa ikielekea Afrika Magharibi. Huko, katika visiwa vya Plantain karibu na pwani ya Sierra Leone, aliingia katika kazi ya mfanyabiashara Mzungu aliyemtesa, na mke wa mfanyabiashara huyo alimtesa zaidi. Alipopatwa na homa alinyimwa chakula. Waliomhurumia ni watumwa waliofungwa minyororo, waliomletea kwa siri sehemu ya posho yao ndogo. Yeye mwenyewe aliliandika jambo hilo baadaye. Ukilisoma halafu ukasoma alichofanya miaka michache iliyofuata, unakosa la kusema.

Merikebu iliyomchukua kumrudisha kwao ilipatwa na dhoruba kali mwezi wa Machi 1748. Ubavu mmoja ulipasuka. Kwa siku kadhaa aliyavuta maji kwa pampu na kushika usukani, na katikati ya hofu hiyo alimwomba Mungu rehema kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Walifika Ireland chakula kikiwa kimekwisha. Maisha yake yote yaliyobaki aliiadhimisha siku hiyo ya Machi kila mwaka.

Wahubiri wengi huisimulia dhoruba ile kana kwamba asubuhi yake aliamka mtu mpya kabisa, akaichukia biashara ya watumwa, akaketi kutunga wimbo. Haikuwa hivyo. Aliacha kutukana, akaanza kusali na kusoma Biblia, lakini akairudia biashara ile ile. Kati ya mwaka 1750 na 1754 alikuwa nahodha katika safari tatu za kununua watu Afrika na kuwauza ng'ambo ya bahari. Siku za Jumapili aliwakusanya mabaharia kwa ibada juu ya sitaha, na chini yake, katika ngama, watu walikuwa wamefungwa wawili wawili. Katika kitabu chake cha safari waliokufa wameandikwa kwa namba. Mtu aliyekuja kusifiwa kwa kuzijua roho za watu aliandika namba mahali palipostahili jina, wala mkono wake haukusita.

Katika safari zake za mwisho alikutana tena na yule kijana wa jeshini. Sasa alikuwa mtu mzima asiyemwogopa Mungu wala kujali lolote. Newton aliona deni lake, akamchukua katika merikebu yake kwa nia ya kuyarekebisha aliyoyaharibu. Alimhubiria, akamwonya, akabishana naye. Yule mtu alimjibu kwa hoja zile zile alizofundishwa na Newton mwenyewe. Mwishowe alipatwa na homa huko pwani ya Afrika akafa katika hofu kubwa, bila tumaini lolote. Mimi naona kwamba mambo mengi aliyoyafanya Newton baadaye, hasa subira yake kwa watu wabishi, yalitoka kando ya kitanda hicho cha mauti. Alijua kwa uchungu kwamba maneno mengi yanaweza kumvunja mtu upesi, na maneno mengi hayohayo yakashindwa kumjenga.

Mungu alimpa mlezi wake mwenyewe mwaka 1754, katika kisiwa cha St Kitts huko Karibi. Huyo alikuwa nahodha mwenzake, Alexander Clunie, Mkristo aliyekomaa. Kwa muda wa karibu mwezi mmoja walitembeleana merikebuni, usiku huu kwa huyu na usiku ujao kwa yule, wakizungumza mpaka karibu na mapambazuko. Clunie hakuwa kasisi wala mwalimu wa theolojia. Alikuwa baharia aliyemwelewa baharia. Alimfundisha kwamba anayeokolewa na neema hushikwa na neema hiyo hiyo, akamtuliza hofu ya kuanguka tena, na akamwelekeza kwa wachungaji wema wa London.

Mwaka huo huo Newton alianguka ghafla kwa ugonjwa, akaacha bahari. Alipata kazi ya forodha Liverpool, akajifundisha Kigiriki na Kiebrania usiku, na kwa miaka sita akabisha milango ya Kanisa akiomba kuwekewa mikono. Alikataliwa mara kadhaa. Mwaka 1764 hatimaye alipata upadre, akapelekwa Olney, mji mdogo wa watu maskini waliojipatia riziki kwa kufuma lesi kwa mikono majumbani mwao, wake kwa waume na watoto.

Hapo ndipo ulezi wake ulipoanza kweli. Richard Cecil, rafiki yake aliyeandika maisha yake, hakuficha kwamba Newton hakuwa mhubiri wa ufasaha. Matamshi yake hayakuwa safi na mwendo wake mimbarini haukuvutia. Lakini kanisa lilijaa hata ikabidi waongeze roshani ya kukalia. Watu walikuja kwa sababu Jumapili walimsikia akijibu yale waliyomwambia Jumatano. Mchana alizunguka mjini akiwa amevaa koti lake kuukuu la ubaharia badala ya mavazi ya kasisi, akiingia nyumba hadi nyumba, akiketi karibu na mfumaji huku kazi ikiendelea, akisikiliza. Watoto aliwakusanya siku yao, akawaeleza Maandiko kwa namna yao. Kwa mikutano ya maombi ya katikati ya wiki alitunga nyimbo, na hizo hazikutungwa kwa ajili ya vitabu bali kwa ajili ya wafuma lesi wa Olney, kwa maneno ambayo mtu asiyesoma sana angeyashika akitembea kurudi nyumbani. Wimbo wa neema ya ajabu ulikuwa mmojawapo, ukiambatana na mahubiri yake ya Januari 1, 1773, kutoka 1 Mambo ya Nyakati sura ya 17, pale Daudi anaposhangaa Mungu amemtoa wapi na kumfikisha wapi.

Watu watatu aliowalea wanatosha kutuonyesha jinsi alivyofanya kazi, na hakumlea yeyote kama mwenzake.

Wa kwanza ni Thomas Scott, kasisi kijana wa parokia jirani. Scott alikuwa mwenye akili nyingi, mwenye kiburi cha elimu, asiyeamini Utatu wala hitaji la upatanisho, na aliyeingia ukasisi, kwa kukiri kwake mwenyewe, kwa ajili ya riziki. Alimwona Newton kuwa mtu wa ushabiki wa dini. Kisha mwaka 1774 mume na mke katika parokia ya Scott waliugua karibu ya kufa. Scott hakwenda kuwaona kwa kuwa hakuitwa. Akasikia kwamba Newton alikuwa ametembea kutoka Olney mara kadhaa kuwazuru. Aibu ilimchoma, akaenda.

Mwaka uliofuata Scott alimwandikia Newton akitafuta mjadala, akiamini atamshinda. Barua zikaenda na kurudi kwa miezi kadhaa. Newton alikataa kubishana. Aliandika kama rafiki, akaeleza anachoamini na jinsi alivyokifikia, akaacha chambo za mabishano majini bila kuzigusa. Scott alichoka, akakata mawasiliano. Newton hakumfuata wala hakumsema. Alikuwa ameona jambo moja kwa kijana huyo ambalo wengine hawakuliona: chini ya kiburi kulikuwa na mtu mkweli asiyeweza kusema uongo kwa moyo mtulivu. Mtu wa namna hiyo ukimbana ataijenga ngome yake juu zaidi, lakini ukimwacha na Biblia yake ataibomoa mwenyewe. Ikawa hivyo. Miaka miwili baadaye Scott, akiwa katika dhiki, alikuja mwenyewe kubisha mlango wa Newton. Mwaka 1779 alichapisha simulizi la kugeuka kwake, na mwaka 1781 akawa kasisi wa Olney baada ya Newton kuhama. Maelezo yake ya Biblia yalisomwa na vizazi vya Wakristo.

Wa pili ni William Cowper, na hapa naomba nikae kidogo. Cowper alikuwa mshairi, mwanasheria asiyeiweza sheria, mtu mwenye moyo mwepesi kujeruhiwa. Yeye pia alifiwa na mama kabla ya kutimiza miaka saba. Mwaka 1763 akili yake ilivunjika, akajaribu kujitoa uhai, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili huko St Albans. Humo, chini ya daktari Mkristo aliyeitwa Nathaniel Cotton, alimwamini Kristo. Mwaka 1767 alihamia Olney pamoja na Mary Unwin, mama mjane aliyemtunza kama jamaa. Nyumba yao na nyumba ya kasisi zilitenganishwa na bustani ya miti ya matunda ya mtu mwingine, nao wakawa wanamlipa mwenyewe gini moja kwa mwaka wapate kupita katikati. Hivyo ndivyo walivyoonana karibu kila siku.

Newton alimwona mtu huyu akakae peke yake na mawazo yake ataangamia. Akampa kazi. Alimchukua wakatembelee wagonjwa na maskini, na akamwomba watunge pamoja kitabu cha nyimbo. Katika nyimbo 348 zilizotoka mwaka 1779 kwa jina la Olney, zaidi ya 60 ni za Cowper. Ule wa chemchemi ya damu ya Imanueli, ambao kwaya nyingi huuimba wakati wa Pasaka, ni wake. Wapo walioandika baadaye kwamba Newton alimchosha Cowper kwa shughuli za dini, mtu aliyekuwa dhaifu tayari. Sidhani kwamba tunaweza kulitupa neno hilo moja kwa moja. Kumpa mtu nafasi ya kutumika kunaweza kumponya, na kunaweza pia kumlemea, na mlezi huwa hajui upesi ni lipi linatendeka.

Januari ile ile ya 1773 Cowper alianguka tena. Aliota ndoto iliyomshawishi kwamba Mungu amemkataa, na tangu hapo hakuna andiko lililoweza kumng'oa katika fikira hiyo. Aprili aliingia nyumba ya kasisi akakataa kutoka. Newton na mkewe Mary walimpokea. Mwezi wa Oktoba alijaribu tena kujitoa uhai. Alikaa humo miezi 13, mpaka Mei 1774, akilia, asitake kuachwa, akimtegemea Mary Unwin kwa kila kitu. Nyumba haikuwa kubwa, mshahara haukuwa mkubwa, na Newton alipitia nyakati za kuchoka kama mtu yeyote. Lakini hakumwambia kwamba anakosa imani. Aliona kwamba huu ni ugonjwa. Wakati mmoja alimwomba daktari Cotton ushauri, wakati mwingine alitembea naye, na mgonjwa alipoanza kushughulika na bustani alimwacha apande na kupalilia bila kumhubiria.

Cowper alitoka humo akiwa na nafuu, lakini hakurudi kanisani kuabudu, wala hakuondokewa kabisa na fikira ya kukataliwa. Newton aliendelea kumwandikia kwa zaidi ya miaka 20. Mara moja alikosea. Alisikia uvumi kwamba Cowper anashinda na matajiri, akaandika barua ya kumkemea, na Cowper akaumia sana kwa kuhukumiwa kwa maneno ya watu. Urafiki ulitikisika, haukukatika. Cowper alipofariki mwaka 1800, Newton, mzee wa miaka 74, ndiye aliyehubiri kwa ajili yake.

Wa tatu ni William Wilberforce. Newton alikuwa amehamia London, kanisa la St Mary Woolnoth, tangu mwaka 1780. Desemba 1785 mbunge huyo tajiri mwenye umri wa miaka 26, rafiki wa waziri mkuu, alimwandikia kuomba waonane kwa siri. Alikuwa amemsikia Newton utotoni, alipokuwa akiishi kwa shangazi yake, na sasa moyo wake ulikuwa umerudi kwa Mungu. Alizunguka uwanja wa Charles Square kabla ya kujipa moyo wa kubisha hodi. Alidhani, kama walokole wapya wengi wanavyodhani hata leo, kwamba sasa lazima aache siasa na rafiki zake, pengine avae kanzu ya ukasisi. Ingekuwa fahari kwa mchungaji yeyote kumpata kijana wa namna hiyo upande wake. Newton alimwambia abaki Bungeni, wala asikimbilie kuwakata rafiki zake. Alikuwa ameelewa kijana huyu ameumbwa kwa ajili ya nini.

Na kijana huyo ndiye aliyeibeba Bungeni vita ya kukomesha biashara ya watumwa. Hapo mwanafunzi alimrudisha mlezi kwenye ngama yake ya zamani. Januari 1788, miaka 34 baada ya kuacha bahari, Newton alichapisha kijitabu akieleza waziwazi aliyoyaona na aliyoyatenda, akikiri kwamba ungamo lake limechelewa. Alikwenda pia kutoa ushahidi mbele ya baraza la mfalme na kamati ya Bunge. Mwaka huo Cowper naye, na huzuni zake zote, alitunga mashairi ya kuwatetea watumwa. Newton alikuwa na miaka 62. Watu aliowahi kuwaandika kwa namba, sasa alisema walivyolia, walivyobanwa, jinsi wanawake walivyotendewa.

Mkewe Mary alifariki Desemba 1790, naye alihubiri Jumapili iliyofuata. Macho yalififia, kumbukumbu ikapungua, lakini aliendelea kupanda mimbarini. Mlango wake ulikuwa wazi kwa vijana waliokuja kunywa chai na kuuliza maswali, na wachungaji wengi wa kizazi kilichofuata walipitia katika chumba hicho.

Sheria ya kukomesha biashara ya watumwa katika milki za Uingereza ilipata idhini ya mfalme Machi 25, 1807. (Pwani yetu iliendelea kuteseka: soko la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na mara baada ya hapo Freretown, Mombasa, ikaanzishwa kuwapokea waliookolewa.) Newton aliishi kuisikia habari hiyo. Alifariki Desemba 21 mwaka huo huo, akazikwa katika kanisa lake la London. Mwaka 1893 mabaki yake na ya Mary yalihamishwa, yakazikwa upya katika uwanja wa kanisa la Olney, mji ambao Cowper alikaa nyumbani mwao miezi 13.